Sanduku lake liko stoo: jibu kwa mama wa novisi

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Binti yetu wa tatu ana miaka 23, alimaliza kidato cha sita. Desemba iliyopita ameanza mwaka wa kikanoni huko unovisini, kwenye malezi ya kuwa sista. Tumeambiwa hatakuja likizo mwaka mzima, simu yake imerudi nyumbani, na barua zake zinakuja moja moja. Shangazi zake wanasema mtoto amefungwa na elimu yake inaoza. Baba yake hasemi sana, ila juzi aliuliza kile kishamba cha kahawa alichomgawia kitakuwa cha nani sasa, na tukiruhusiwa kumtembelea twende na nini. Mimi nataka kujua: wanafanya nini huko mwaka mzima? Na akishindwa, je? *Mama wa novisi, Mbinga*

Jibu: Milele na milele, mama. Nimekuwa mlezi wa wanovisi kwa miaka kumi na moja, na barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilicheka kidogo, kwa sababu shangazi ni walewale kila jimbo. Wangu mimi alikuja mpaka getini kwetu na doti ya khanga mpya ya kunirudishia nyumbani. Khanga ile baadaye ikawa pazia la chumba cha kushonea, na yeye mwenyewe akaja kuiona siku ya nadhiri zangu.

Nianze na hilo la kufungwa, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Mwaka wa kikanoni unaitwa hivyo kwa kuwa unadaiwa na sheria ya Kanisa, si kwa ukali wa sista fulani. Sheria tunayoitumia sasa ni ya mwaka 1983. Inasema unovisi, ili uwe halali, lazima uwe na miezi 12 inayoishiwa ndani ya jumuiya yenyewe ya unovisi. Mashirika mengi ya watawa yanaongeza mwaka mwingine wa kuonja utume, yaani kazi za shirika, lakini unovisi wote haupangwi kuzidi miaka miwili. Na katika ile miezi 12, siku zinahesabiwa. Novisi akiwa nje zaidi ya siku 15, lazima zifidiwe. Akiwa nje zaidi ya miezi mitatu, iwe mfululizo au kwa vipande, unovisi wenyewe unabatilika. Likizo imekosekana kwa sababu hiyo, mama. Hakuna anayemwadhibu.

Mkifiwa, semeni. Ruhusa ya mazishi huombwa na hutolewa, na siku nne za kwenda na kurudi hazivunji kitu. Niliwahi kuwa na novisi aliyevunjika mguu akishusha gunia la mahindi. Akauguzwa nje wiki saba nzima, nasi tukawa tunahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani kama watu wanaodaiana. Wenzake waliweka nadhiri, yeye akasubiri wiki zake saba, kisha akaziweka peke yake siku ya Jumanne, kanisani tukiwa wachache. Mama yake alisikitika kwamba hapakuwa na turubai wala spika. Binti alifurahi kupita kiasi.

Utaratibu huu ni wa kale. Katika karne ya sita Mtakatifu Benedikto aliwaandikia wamonaki wake, yaani watawa wa kiume, kwamba anayebisha mlangoni asifunguliwe kirahisi. Akivumilia siku nne au tano ndipo aingizwe. Halafu asomewe kanuni yote baada ya miezi miwili, asomewe tena baada ya sita, na tena baada ya minne. Jumlisha utapata 12. Anaambiwa waziwazi: ukiweza kuishika, ingia, kama huwezi, nenda zako u huru. Na siku anapoweka ahadi, nguo alizokuja nazo zisitupwe. Ziwekwe stoo, ili kama siku moja ataamua kuondoka, azikute. Miaka elfu na zaidi baadaye, mwaka 1563, Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ukaweka sheria kwa watawa wote: hakuna nadhiri kabla ya umri wa miaka 16, wala kabla ya mwaka mzima wa majaribio. Tena ukatamka kwamba anayemlazimisha mwanamke kuingia utawani anatengwa na Kanisa. Leo umri wa chini wa kuingia unovisi ni 17, wa nadhiri za kwanza ni 18, na aliyeingizwa kwa nguvu, kwa kutishwa au kwa kudanganywa, kupokelewa kwake si halali.

Kwa hiyo sanduku la binti yako liko stoo. Wala sisemi kwa mafumbo. Kwetu kila novisi anaweka begi alilokuja nalo, limeandikwa jina lake, na ufunguo anao mwenyewe. Mara kwa mara tunayatoa yote juani kwa ajili ya mchwa na kombamwiko. Wageni wakiyaona yamepangwa uani hudhani kuna safari.

Sasa, wanafanya nini. Siku yenyewe ukiiandika haina maajabu. Kwetu kengele inalia saa kumi na moja alfajiri. Masifu ya Asubuhi, tafakari ya kimya, Misa, chai. Kisha kazi: mmoja jikoni, mmoja kwenye banda la nguruwe, wawili bustanini, mmoja sakristia akipiga pasi nguo za altare. Saa nne wanaingia darasani kwa Biblia, historia ya shirika, katiba, liturujia na mafundisho juu ya nadhiri tatu, yaani useja, ufukara na utii. Sala ya mchana, chakula, kupumzika kidogo, kazi tena, Masifu ya Jioni, Rozari, chakula, maongezi ya pamoja, sala ya mwisho wa siku, na baada yake kimya kikuu hadi asubuhi. Kesho yake ni vilevile.

Kuhusu elimu, waambie shangazi kwamba sheria hiyohiyo inakataza kumpa novisi masomo au majukumu yasiyohusu malezi yake ya kitawa. Chuo kitasubiri. Tulipokuwa na shida ya wauguzi kwenye zahanati yetu nilishawishika kumtuma huko novisi mmoja aliyekuwa amesomea uuguzi, asubuhi tu, mara tatu kwa wiki. Mama mkuu alinikatalia, na alikuwa na haki. Mtu akiwa na kazi anayoiweza, anajificha ndani yake. Baada ya nadhiri watasoma mpaka wachoke. Hapo jirani yenu Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole wana mtambo wa umeme wa maji kule Tulila, mto Ruvuma, wa megawati 5, na umeme wanauzia TANESCO. Mitambo ya namna hiyo haiendeshwi kwa Rozari pekee, ingawa sina shaka Rozari haikukosekana.

Kinachoupa mwaka huo sura ni kalenda ya Kanisa. Binti yako alianza Desemba, basi aliingia na Majilio, majuma ya kungojea Noeli, mvua zikiwa zimeanza na mahindi yakipandwa. Noeli ya kwanza mbali na nyumbani ni ngumu. Wanaimba vizuri usiku wa mkesha, halafu asubuhi utawakuta wawili watatu nyuma ya tangi la maji macho yamevimba. Simfuati mtu huko. Februari 2, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, ni siku ya watawa wote duniani, ilianza kuadhimishwa mwaka 1997 kwa agizo la Papa Yohane Paulo II. Siku hiyo wanawaona masista wazee wakirudia ahadi zao na mishumaa mkononi, na maswali yanaanza: Sista, wewe uliwahi kutaka kuondoka? Swali hilo nalijibu kweli. Ndiyo, mara mbili.

Halafu inakuja Kwaresima, na hapo, mama, ndipo unovisi unapoanza hasa.

Miezi miwili mitatu ya kwanza kila mtu ni malaika. Vyombo vinaoshwa kabla havijakauka, kila mmoja anataka zamu ya mwenzake. Kufikia Jumatano ya Majivu utamu umekwisha. Sasa yule anayekoroma anakoroma kweli. Yule wa Bukoba amechoka ugali anataka ndizi, yule wa Songea anasema ndizi si chakula, ni kitu cha kushikia njaa. Mmoja anapika maharage bila chumvi ya kutosha kwa makusudi, au wenzake wanaamini ni makusudi. Wamatengo wawili wakikutana kwenye karo la kuoshea vyombo wanateleza kwenye Kimatengo chao, na Mhaya anayepita anahisi anasengenywa, ndiyo maana kwetu Kiswahili ni sharti mpaka chumbani. Nimesuluhisha kesi ya upawa. Upawa wa mbao, mama! Nani aliuacha kwenye maji mpaka ukapasuka. Kesi hiyo ilichukua siku tisa na ilihusisha wanovisi wanne, na mwishoni ilionekana haihusu upawa hata kidogo. Ilihusu barua ambayo mmoja aliipata kutoka nyumbani na mwenzake hakupata.

Watu wengi wanafikiri unovisi ni mwaka wa kusali. Kusali ni kweli tunasali. Lakini katika miaka yangu yote sijaona msichana aliyeshindwa kwa sababu ya sala. Nimeona walioshindwa, na walioshinda, kwenye bwalo na kwenye karo. Mke anamchagua mume, angalau siku hizi. Sista hamchagui sista. Anapewa wanawake kumi na tano wasio ndugu zake, wa makabila na malezi mbalimbali, anaambiwa hawa ndio nyumba yako, na hawa hawataondoka ukinuna. Kama imani yake haiwezi kumfanya amsogezee chumvi yule aliyemuudhi asubuhi, mimi kama mlezi sijui hiyo imani nitaiandika wapi kwenye ripoti yangu. Kwetu Jumamosi jioni, kabla ya Masifu, tunaombana radhi mmoja mmoja, na mimi nikiwemo. Mara ya kwanza wanaona haya. Mwezi wa tano au wa sita wanaanza kumaanisha.

Nisije nikakupa picha ya huzuni. Jumapili mchana kuna netiboli, na refa huwa anazomewa bila kujali ni mlezi. Kuna bao, kuna karata, kuna ubishi wa Simba na Yanga kwa watu ambao hawajaona mechi hata moja mwaka huo na wanategemea kelele za barabarani kujua nani kafunga. Mkesha wa Pasaka wanacheza ngoma mpaka kuta za kikanisa zinatoa vumbi. Juni na Julai mahindi yanavunwa, na mtu aliyelelewa Mbinga atajisikia nyumbani kuliko wote, kwani wasichana wa mjini wanakuwa na malengelenge wakati yeye anaimba.

Sasa swali lako la mwisho, akishindwa. Nakuomba kwanza uliache hilo neno. Nitakueleza juu ya wawili niliowalea mwaka mmoja.

Wa kwanza alikuwa mtulivu, mtiifu, hana kesi na mtu. Mimi, mlezi mzoefu, nilimwandikia ripoti nzuri mara mbili. Mwezi wa nane akaja ofisini akakaa nusu saa bila kusema neno, kisha akasema baba yake aliugua zamani, akamwahidi Mungu kwamba akipona atamtoa binti mmoja awe sista. Baba alipona. Binti alikuwa yeye. Miezi nane alikuwa akilipa deni la mtu mwingine na mimi nikiuita utakatifu. Aliondoka wiki iliyofuata, na wenzake walimsindikiza mpaka stendi. Leo ana watoto watatu na ni mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo mtaani kwao, na michango haimpiti mtu. Kosa lile ni langu, na tangu hapo novisi asiyegombana na mtu namwangalia kwa makini kuliko mgomvi.

Wa pili ndiye alikuwa mgomvi, na upawa ule alihusika. Mara tatu nilidhani tutamrudisha. Yeye ni mkunga sasa, na ameshaweka nadhiri za daima. Bado mgomvi, ila anaomba radhi haraka.

Sheria iko hivi: novisi anaweza kuondoka wakati wowote, bila kumwomba mtu kibali cha kutoka, na shirika nalo linaweza kumwambia hapa si pako. Mwisho wa unovisi akionekana anafaa anapokelewa kwa nadhiri za kwanza, asipofaa anarudi, kukiwa na mashaka anaweza kuongezewa muda, usiozidi miezi sita. Hata baada ya hapo nadhiri ni za muda, kuanzia miaka mitatu hadi sita kwa kawaida, kabla ya zile za daima. Anapimwa naye anapima. Mlezi, kwa mfano, hana haki ya kumlazimisha amfunulie dhamiri yake; hayo ni yake na muungamishi.

Kuna kitu ambacho sheria haiwezi kukifanya, ni ninyi mnaoweza. Msichana akijua kwamba akirudi nyumbani atachekwa kijijini, kwamba mama atajifungia ndani kwa aibu mbele ya wanawake wa parokia, basi mlango wetu hata ukiwa wazi, kwake umefungwa. Atabaki kwa kukosa pa kwenda. Nimewaona hao, na wanakuwa masista wachungu wakifika miaka hamsini. Barua yenu ijayo iwe na habari za kahawa na za ng'ombe, na mahali fulani katikati, bila kishindo, baba yake amwandikie kwamba chumba chake bado ni chake. Baba aandike mwenyewe, kwa mkono wake, hata kama ni mistari miwili.

Hicho kishamba, mwambie mzee asihangaike kubadili jina. Novisi ni mmiliki wa mali yake kama jana. Kabla ya nadhiri za kwanza atachagua mtu wa kumtunzia na kusimamia, na anaweza kumchagua baba yake au kaka yake. Umiliki katika mashirika ya kawaida kama yetu unabaki kwake. Kabla ya nadhiri za daima ataandika wosia unaotambulika kiserikali. Maelezo madogo madogo yamo kwenye katiba ya shirika lake, mlezi atawasomea mkiuliza. Na kwa kuwa najua wazee wa ukoo watafika kwenye mahari: hakuna. Tena zamani mambo yalikuwa kinyume. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimdai msichana anayeingia monasteri alete yeye mali ya kumtunzia maisha, na sheria ya 1983 haina tena sharti hilo. Mwambie mzee amenusurika.

Kumtembelea inawezekana karibu kila shirika, kwa siku zilizopangwa. Muulizeni mlezi, msije kwa kushtukiza. Msimletee simu ndani ya mkate (nimekuta). Msimfumbie hela mkononi wakati wa kuagana, maana noti za elfu kumi nimeziona kwenye soksi, kwenye jalada la Biblia, na mara moja ndani ya sabuni iliyokatwa katikati ikagandishwa tena kwa ustadi wa ajabu. Mkimpa kitu kizuri cha peke yake mnampa kazi ya kukificha, na mwenzake aliyelala kitanda cha pili hajapata mgeni tangu Pasaka.

Leteni cha wote. Debe la maharage ya kwenu, kahawa iliyokaangwa na kutwangwa nyumbani, mkungu wa ndizi kama gari lina nafasi, na Mhaya wetu, kama huko nako yupo, atawaombea mpaka mfike Mbinga. Shangazi naye mje naye. Ila mwambieni Misa ya Jumapili ni saa moja kamili. Akichelewa atakaa benchi la nyuma, na mtoto hatamwona mpaka wakati wa chai.